Kumvisha Bi Lorraine

Consolata ndiye aliyenisumbua niandike. Alisema nyinyi wa chumba cha mavazi, mlioko nyumbani sasa mkisubiri ukumbi ufunguliwe, hamna mtu wa kuwaeleza kwa Kiswahili kazi hii ni kitu gani hasa. Karibu wote mmepitia kwenye hoteli za mji wa Irving kama mimi na yeye. Basi nimestaafu, kisingizio sina. Nitaeleza ninavyokumbuka, na palipo na chumvi nyingi Consolata atasema, maana yeye hana aibu.

Cherehani nilijifunza Morogoro, kwa kushona sare za shule. Anayeshona sare za shule hujifunza jambo moja mapema: miili haifanani hata nguo zikifanana. Nilipomfuata binti yangu Texas, nikapata kazi katika chumba cha sare cha hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Nilipunguza suruali za wahudumu na kupanua makoti ya mameneja. Consolata alikuwa kwenye dobi, mlango wa pili. Ni Mrundi aliyekulia makambini Kigoma, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili bila kukosa, na alikuwa akiimba huku anakunja mashuka. Mashine za dobi zinanguruma kama lori, lakini sauti yake ilikuwa inapita juu ya mngurumo huo.

Mwaka 2017 nikasikia kwamba kikundi kimoja cha maigizo huko Fort Worth kinatafuta mshonaji. Binti yangu akaniambia, “Mama, uta-drive mpaka Fort Worth kila siku kwa ajili ya magauni?” Mjukuu wangu naye akaongeza ya kwake kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Nikaenda.

Mkuu wa chumba cha mavazi alikuwa Miss Odell, mama mmoja Mmarekani mweusi wa mji wa DeSoto, mrefu, mwenye miwani miwili: mmoja machoni, mmoja kichwani. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliingia kwenye gauni lililokuwa wazi mgongoni, akazima taa, akasema, “Nifunge.” Vikulabu vilikuwa vidogo kama punje za mtama. Nilipapasa, nikakosea, nikaanza upya. Yeye alisimama kimya kama nguzo. Taa ilipowaka nilikuwa nimeruka kikulabu kimoja katikati, na gauni limepinda.

“Ukiruka kimoja, anza chini, siyo juu,” akasema. “Kosa la juu watu wataliona. Njoo kesho.”

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Kwa wageni wa kazi: nyuma ya jukwaa ni giza. Mwimbaji anatoka akiwa muuza maua na anatakiwa arudi akiwa bibi arusi kabla wimbo wa wenzake haujaisha. Wewe unashika nguo tayari imefunguka, unapiga goti, na husemi neno. Miss Odell alikuwa akisema mvishaji mzuri ana mikono tu. Nilimwambia mimi nina na magoti, na yanauma. Alicheka mara ya kwanza siku hiyo.

Mwaka huohuo ndipo ile mvua kubwa ilipoifunika Houston. Ukumbi mmoja wa huko ulikuwa umehifadhi ghalani mavazi ya opereta ya kale, na maji yakaingia. Wenyewe walikuwa na mambo mazito zaidi ya kushughulikia kuliko magauni, kwa hiyo wakatupatia sisi yale yaliyokuwa bado yanaweza kuitwa nguo. Yalifika kwenye lori yakiwa kwenye mifuko ya takataka, yananuka kama bwawa.

Opereta yenyewe iliitwa Bibi Arusi wa Stesheni. Opereta ni mchezo unaosemwa nusu na kuimbwa nusu, na mara nyingi ni mapenzi na waltzi, ule muziki wa kucheza wawili wawili. Hii ilitungwa mwanzoni mwa karne iliyopita, ikapendwa sana, kisha ikasahauliwa. Msichana wa nasaba anakimbia ndoa aliyopangiwa, anajificha stesheni ya reli akiuza maua, anapendana na karani wa tiketi. Bibi yake, ambaye kila mtu anamwita Bibi Mkubwa, anakuja na treni kumrudisha nyumbani. Katika tendo la pili wawili hao wanaimba pamoja. Msichana anasema hatapanda treni ile. Bibi Mkubwa anamwamuru apande. Mwishowe Bibi Mkubwa anakumbuka ujana wake mwenyewe, analegea, na kumwambia: baki.

Mwongozaji wetu, Gordon, alipoona mavazi yale akasema opereta hiyo itafufuliwa. Sisi tukasema kwanza tufufue nguo. Hariri iliyoingia maji machafu haianikwi juani, jua linaimaliza. Tulizisafisha kwa maji baridi, tukazilaza juu ya taulo, tukapuliza feni. Zile zisizofulika tulizinyunyizia vodka iliyochanganywa na maji, maana inaua harufu na haiachi alama. Mimi Mwislamu, katika maisha yangu nimebeba vodka nyingi kuliko mlevi yeyote wa Fort Worth. Siku moja nilitoka dukani nikakutana uso kwa uso na mke wa shehe wetu. Nikamwambia, “Bibie, zinakunywa nguo.” Akaitikia kwa upole sana, upole wa mtu asiyeamini.

Kazi ilipotuelemea nilimleta Consolata. Miss Odell alimsikiliza anavyoimba huku akipiga pasi gagulo, akasema, “Huyu asikae mbali nami.”

Na hapo ndipo Bi Lorraine alipoingia. Alikuwa mama wa makamo yaliyokwisha kupita, mwenyeji wa Houston aliyehamia Garland kwa bintiye. Ujanani, miaka mingi kabla, aliimba sehemu ya yule msichana katika opereta hii hii, Houston. Gordon alimtafuta ili sasa aimbe Bibi Mkubwa. Alipoingia chumbani kupimwa alisalimia kila mtu, mpaka sanamu ya kushonea. Nikamzungushia futi kiunoni. Akasema, “Usinipunguzie hata nusu inchi. Nimekitafuta kiuno hiki kwa bidii.”

Tuliigiza majira ya kuchipua ya 2018, Fort Worth. Alikuwa mzuri sana. Aliingia na fimbo yake na kofia yenye manyoya, na kabla hajafungua mdomo ungejua kwamba treni nzima imechelewa kwa sababu yake. Msichana aliimbwa na Hannah, binti mdogo mwenye sauti safi na woga mwingi. Kabla ya kila onyesho alikuwa anatapika, kisha anaimba kama malaika. Bi Lorraine alimzoea, akamfundisha jinsi ya kuvuta pumzi ndani ya koseti, ile fulana ngumu ya kubana kiuno inayofungwa kwa kamba mgongoni. “Usipumulie kifuani, mwanangu,” alikuwa akimwambia. “Kifua kimefungwa. Pumulia mgongoni.”

Mwaka uliofuata ukumbi mmoja wa Houston ukatualika. Tukarudi mazoezini kabla ya majira ya joto kwisha, na siku ya kwanza tu nikajua kuna jambo. Nilimshushia Bi Lorraine gauni kichwani kama zamani. Kitambaa kilipomfunika uso akapiga kelele. Akarusha mikono, akanikwaruza shavuni, akawa analia akiuliza ni nani aliyezima taa. Tulipomtoa alinitazama kama mgeni.

“Pole, mama,” nikamwambia. “Ni mimi, Mwanaidi.”

“Najua,” akasema. Lakini hakujua.

Bintiye alitueleza kwamba daktari ameshalitaja jina la ugonjwa, ule wa kusahau. Nyimbo bado alikuwa nazo karibu zote. Kilichokuwa kinampotea ni mpangilio: yupo wapi, nini kimepita, nini kinafuata. Siku nyingine alikuwa yuleyule wa zamani, mpaka unajilaumu kwa kumdhania. Siku nyingine alisimama katikati ya jukwaa akitabasamu, akisubiri mtu amwambie yeye ni nani.

Gordon alituita, Miss Odell, Consolata, mimi, na bintiye. Sikumwona kama mtu mbaya siku ile na simwoni hivyo leo. Alikuwa ameshika kichwa.

“Mbele ya jukwaa kuna shimo la wapigaji wa okestra,” akasema. “Akikosea hatua mbili tu, anaanguka. Na asipoanguka, watu watamcheka. Mimi sitaki wamcheke.”

Bintiye akasema, “Nyumbani anakaa dirishani. Akija huku anaamka kabla yangu, anavaa viatu mwenyewe. Mkimtoa, mimi nitamwambia nini?”

Kisha Consolata akaomba kusema. Wakati huo alikuwa amepunguza siku za ukumbini, siku nyingine anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea huko Garland.

“Pale kazini tunafundishwa hivi,” akasema. “Usimwulize, je, unakumbuka? Hilo swali linamwumiza. Wewe mwambie kinachofuata tu. Na asishikwe na mikono mingi. Mtu mmoja, sauti moja, kila siku vilevile.”

Gordon akafikiri. Mwisho akakubali kwa masharti: awepo mwimbaji wa akiba, amevaa, amesimama pembeni tayari. Na Hannah asimwachie mkono kuanzia anapoingia mpaka anapotoka.

Hapo kazi ikawa yetu. Gauni la Bi Lorraine nililipasua mgongoni lote, toka shingoni mpaka pindoni, nikaliwekea bitana mpya, ili aingize mikono kwa mbele, kama koti lililogeuzwa, bila kufunikwa uso. Chini ya vifungo vya urembo nikaficha zipu. Msije mkaweka zile tepe za kubandika na kubandua. Zikifunguliwa zinalia kama kitambaa kinachochanika, na mtu mwenye hofu hahitaji sauti hiyo mgongoni. Koseti tuliitoa ile ya chuma nikashona ya turubai laini yenye nyuzi nzito, inayomshika bila kumbana. Taa ya pembeni tuliifunika kitambaa cha bluu, iwepo siku zote, asikute giza.

Mpangilio ukawa mmoja. Viatu kwanza. Kisha gagulo, kisha gauni, kisha glavu, kofia mwisho. Mimi navisha, Consolata anaimba kwa kufumba mdomo, taratibu, wimbo ule utakaofuata jukwaani. Kofia ilipokuwa inakaa kichwani wimbo ulikuwa tayari umeshamwingia. Siku za mwanzo hazikuwa nzuri. Siku moja alikataa kabisa kuvaa akasema hizo ni nguo za marehemu. Tuliacha, tukanywa chai, tukaanza upya kwenye viatu. Hatukumlazimisha hata siku moja, na hilo nataka mlishike kuliko habari zote za zipu.

Gauni la pili, la mwimbaji wa akiba, nilikuwa nalishona pembeni nikilificha nyuma ya pazia. Nilidhani namhifadhi Bi Lorraine. Mchana mmoja akaingia kutafuta glavu, akavuta pazia, akaliona kwenye sanamu. Rangi ileile, manyoya yaleyale. Akauliza, “Nani anavaa nguo yangu?”

Miss Odell, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, akasema, “Wa akiba wako, Lorraine. Ukichoka.”

Bi Lorraine akalizunguka gauni, akashika mshono wa bega, akaukagua. “Vizuri,” akasema. “Na mimi nilianza kuwa wa akiba. Mshonee vizuri huyo mtoto, asione baridi kusimama pale pembeni.” Akachukua glavu zake akatoka. Miss Odell alivua miwani yote miwili akaifuta.

Tulikwenda Houston majira ya baridi yakikaribia. Ukumbi ulikuwa mzuri na mkubwa kuliko wetu, na ulikuwa umejaa. Wengi walikuwa watu wa umri wake, waliokuwa wakimkumbuka. Tulikuwa tumekuja na taa yetu ya bluu. Nilimvisha viatu. Mikono yake ilikuwa baridi. Consolata akaimba. Gauni, glavu, kofia. Akaniuliza, “Nimependeza?”

“Umependeza, mama. Sasa unaingia na Hannah.”

Sehemu ya kwanza ilikwenda salama. Ukumbi ulipiga makofi alipotokea tu, akasubiri yaishe, kwa madaha, kama anayesubiri mvua ipite. Kisha ukaja ule wimbo wa wawili. Mimi nilikuwa pembeni na Consolata, na yule wa akiba mgongoni kwetu, namsikia anavyohema. Okestra ikapiga utangulizi. Hannah alikuwa ndiye wa kuanza, kwa maneno ya msichana. Akavuta pumzi.

Bi Lorraine akaanza kabla yake.

Hakuanza maneno ya Bibi Mkubwa. Aliimba ya msichana, yale aliyoyaimba mjini humo alipokuwa binti: sitapanda treni ile, msinipeleke, hapa ndipo nilipo na mpenzi wangu. Sauti haikuwa kubwa, lakini kila neno lilikuwa mahali pake. Alikuwa ameushika mkono wa Hannah kwa mikono yote miwili na anamwomba. Hakuwa anaigiza. Consolata akanishika bega akanong'ona, “Yesu Maria.” Gordon, aliyekuwa ng'ambo ya pili ya jukwaa, alinyanyua mkono kumpa ishara wa akiba, kisha mkono ukabaki hewani.

Nilimwona Hannah anamtazama kiongozi wa okestra, na yule baba hakusimamisha. Alipunguza tu mwendo, akasubiri. Ubeti wa msichana ukaisha. Ikafika zamu ya Bibi Mkubwa. Na binti yule mwoga, aliyekuwa ametapika saa hiyo hiyo kabla ya kuingia, akanyoosha mgongo, akaimba maneno ya Bibi Mkubwa. Alikuwa ameyasikia miaka miwili. Panda, mwanangu, treni haimngoji mtu. Bi Lorraine akatikisa kichwa akajibu, sitapanda. Wakaenda hivyo, mzee akikataa na kijana akiamuru, ubeti kwa ubeti. Watazamaji walidhani Gordon ndiye aliyepanga. Magazeti yalimsifu kwa wazo hilo baadaye, na kwa heshima yake aliwaambia si lake.

Mwisho wa wimbo, kama nilivyowaeleza, Bibi Mkubwa analegea. Hannah alifika hapo. Akamshika Bi Lorraine mashavu, akamwimbia: basi baki. Baki hapa, hakuna atakayekupeleka popote.

Bi Lorraine aliweka kichwa begani kwake. Pazia likashuka. Kisha yakaja makofi.

Hannah alimleta kwetu pole pole. Nikaanza kumvua kofia. Akaniuliza kwa sauti ndogo, “Nimekosea, siyo? Nimeimba ya nani?”

Consolata akamjibu kabla yangu. “Umeimba ya kwako, mama. Sasa tunavua glavu.”

Lile lilikuwa onyesho lake la mwisho. Usiku uliofuata aliyevaa alikuwa wa akiba, na Bi Lorraine alikuwa ameketi na bintiye viti vya mbele. Miss Odell alistaafu mwaka ulipokwisha, bila sherehe, kwa kutuachia mkasi wake na kutukataza kuukatia karatasi. Masika ya 2020 tulipangiwa kuirudisha opereta Fort Worth. Tulikuwa tumeshapima waimbaji wapya ugonjwa ulipokuja, milango ikafungwa. Mabaki ya bitana nilishonea barakoa za wale wazee wa Consolata. Miezi ikapita. Magoti yangu yaliniambia kwamba milango itakapofunguliwa yenyewe hayatarudi, nikayasikiliza.

Consolata kwa wakati huo alikuwa akimhudumia Bi Lorraine nyumbani kwa bintiye. Familia yenyewe ndiyo iliyomwomba. Siku moja mchana akanipigia, “Mama Mwanaidi, njoo umsalimie. Utakaa uani, yeye atakaa barazani.” Nikaenda Garland na barakoa yangu. Alikuwa kwenye kiti chake amevaa sweta, amekonda, nywele zimechanwa vizuri. Nilimpungia mkono. Hakunijua, na sikumwuliza.

Alitazama ua mtupu, nyasi, kiti kimoja cha plastiki, barabara isiyo na mtu. Kisha akamgeukia Consolata. “Wameshaanza kuingia?”

“Wanaingia, mama,” akasema Consolata.

Bi Lorraine akanitazama tena, kwa makini, akatabasamu kwa namna ya mwenyeji. “Bibie, umewahi,” akaniambia. “Usikae nyuma huko. Sogea mbele.”

Nikavuta kile kiti mpaka pale Consolata aliponionyesha kwa mkono kwamba basi, nikakaa. Bi Lorraine akanyoosha sweta lake magotini, akavuta pumzi kwa mgongo, akaanza kuimba.